Korosho za Ndanda

Nauli ya Dar hadi Masasi tulilipa kamili, lakini kiyoyozi tulichoahidiwa kilizimika kabla ya Kibiti, na viti vilibana magoti hadi miguu ikafa ganzi. Samaki wa kukaanga pale Somanga siku hizi ni wa wenye pesa. Tulivumilia, maana tulikuwa tunakwenda kuhani. Mwenzetu tuliyesoma naye Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifariki nyumbani kwao, kijiji kimoja karibu na Ndanda, na habari zilitufikia arobaini imeshapita.

Tulipovuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, mazungumzo yaliingia kwa mwenye jina, mzee Mkapa, Rais wa awamu ya tatu. Naye ni wa huku: alisoma Ndanda, akahitimu Makerere mwaka 1962, na tangu Julai 2020 amelala Lupaso, kijijini kwao. Daraja lile la mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003, watu wa Kusini waliachana na adha ya kivuko cha Ndundu. Mhitimu wa namna hiyo kila kondakta anamtaja. Wa kwetu nani atamtaja?

Mama wa marehemu alitutandikia mkeka chini ya mwembe. Tukamwamkia, tukampa pole, tukatoa rambirambi. Akazifunga kwenye pindo la kanga bila kuzihesabu, kisha akauliza:

"Wanangu, huko chuoni alikuwa anakula nini?"

Hatukutegemea swali hilo. Kijana aliondoka kwenda shule za bweni angali mdogo, na likizo alikuwa mtu wa shamba tu, haongei. Basi tukamsimulia. Wali maharage wa kafeteria. Daladala za kugombania kutoka Mabibo hosteli. Na miezi ile bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipochelewa, chumba kizima kikiishi kwa uji na korosho zake, alizokuwa akizigawa kwa viganja, yeye akichukua mwisho.

"Korosho zipi?"

"Zilizokuwa zinakuja na basi, mama."

Akanyamaza kidogo. "Zile nilimtumia auze, anunue vitabu. Aliniambia zinapata bei nzuri sana."

Tukainamisha vichwa. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Kumbe nimewalea siku nyingi!" Akaagiza ming'oko, viazi vya porini, ichemshwe, na hakutaka kusikia habari ya sisi kuwahi gari.

Jirani mmoja aliyekuja kutusalimu alikuwa na ya kwake. Msimu wa korosho, marehemu alikuwa akikaa kibarazani na wazee, akiwasomea stakabadhi za ghalani mstari kwa mstari, kilo na makato, mpaka kila mtu ajue haki yake. Hilo sisi hatukulijua. Ukumbi wa Nkrumah ulisikia jina lake likitajwa mara moja siku ya mahafali. Huku lilikuwa likiitwa kila msimu.

Nikamfikiria mama yangu, Singida. Anajua nafanya kazi mjini, basi. Hajawahi kumjua hata rafiki yangu mmoja.

Mama mwenye nyumba hakuwa na picha ya mwanawe akiwa na joho. Mmoja wetu alikuwa nayo kwenye simu. Tuliporudi Masasi tukaisafisha kubwa, studio wakatutoza bei ya kutuumiza, na bodaboda wa kuipeleka akataka nauli ya kwenda na kurudi. Tukalipa yote. Usiku huohuo mama akapiga simu kuuliza wale wanne waliosimama nyuma ya mwanawe ni akina nani, na kama nao walikula korosho.