Kaunat3

Mwaka 2014 nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Arusha. Seva yetu ilitumia dnsmasq, programu ya kutafuta anwani ya kila jina la mtandaoni, ambayo kila jina ilikwenda kuliulizia kwa kampuni iliyotuuzia intaneti. Seva za kampuni ile zilikata kila mvua iliponyesha. Nikaamua kuweka Unbound, programu ya kazi hiyo hiyo lakini inayotafuta jibu yenyewe kuanzia seva za mzizi, zile za juu kabisa kwenye mfumo wa majina ya mtandao. Jumamosi usiku nikaandika port=0 kuizuia dnsmasq isijibu tena maswali ya majina, ikabaki na kazi ya kuzigawia mashine anwani tu. Tovuti zikafunguka, nikaenda kulala.

Jumatatu saa mbili na nusu keshia akapiga simu. "Kaka, mashine zote zimetukataa, na watu wamejaa hapa."

MySQL, hifadhidata yetu, ilikuwa inatoa kosa namba 1130: mashine hii hairuhusiwi kuingia. Ikabidi nikae chini nifikiri. Dnsmasq husoma faili la /etc/hosts, orodha ya anwani na majina yake; ukiiuliza 192.168.1.21 ni nani, inakujibu "kaunta1", kama balozi wa nyumba kumi anayewajua watu wake kwa majina ya utani. Unbound haina habari na faili hilo. Tena anwani za ndani, hizo za 192.168, imetoka kiwandani ikijibu kwamba hazina jina. Na fundi aliyenitangulia alitoa ruhusa za MySQL kwa majina: kaunta1 apite, kaunta2 apite. Anwani tupu haikupita.

Kwenye Unbound nikaandika local-data na local-data-ptr za kila kaunta, mistari ya kulipa jina anwani na anwani jina, nikapiga FLUSH HOSTS ili MySQL isahau majibu ya zamani. Mbili zikaingia. Ya tatu ikagoma.

Nikaikodolea macho orodha ya ruhusa kama dakika ishirini. Mzee wa stoo, ambaye kompyuta haimhusu kabisa, akaja kusimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hapo si pameandikwa kaunat?"

Kaunat3! Kwenye ruhusa, na kwenye faili la zamani pia. Mimi nilipokuwa nanakili niliisahihisha bila hata kujijua.

Ningeweza kurekebisha ruhusa. Lakini nani ajuaye "kaunat" ile ilikuwa imejificha wapi kwingine, labda hata kwenye ripoti za usiku, na foleni ya mafundi waliokuja kuchukua bati ilikuwa imefika barazani. Nikaandika kaunat3 kwenye Unbound kwa mkono wangu, na juu yake: "Imekosewa makusudi. Usiguse."

Saa nne kasoro risiti ya kwanza ikatoka.