Saa kumi na moja, bado wako sokoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na Mathayo 20, mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Sisi wa Kiswahili tuna bahati na mfano huu, maana saa zake ndizo saa zetu: alitoka alfajiri kutafuta vibarua sokoni, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, jua linaelekea kuzama. Hatuna haja ya kuhesabu upya.

Wengi wenu mnajua kazi yangu. Niko kwenye kampuni ya kutafutia watu kazi hapa Kampala. Kiwanda kule Namanve kikitaka wafungaji mizigo, au hoteli ikitaka wasafishaji, wanatupigia sisi. Tunachambua mafaili, tunawaita watu, tunapeleka majina. Basi nilipousoma mfano nilijitafuta humo, nikajikuta mstari wa 8, kwa yule msimamizi anayeambiwa awaite wafanyakazi na kuwalipa ujira wao. Hapo ndipo niliposhtuka. Bwana huyu alikuwa na msimamizi, mtu wa kumtuma, lakini kwenda sokoni alikwenda mwenyewe. Mara tano kwa siku moja!

Siku hizi mwenye shamba haendi sokoni, ametuachia sisi. Anachokiona ni orodha. Jina nikiliondoa, mtu huyo kwake hayupo.

Na kuna jina nililiondoa.

Ni mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu, fundi wa mashine za kushona, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Alikuja ofisini kwetu mara nne. Kila mara alifuta vumbi kwenye viatu nje ya mlango, akaketi, akatoa bahasha ya kaki ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, na ndani ya bahasha barua ya mwajiri wake wa zamani, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Alinipa kwa mikono miwili. Niliisoma mara ya kwanza. Mara tatu zilizofuata niliipokea tu, nikamrudishia, nikamwambia, "Tutakupigia, baba."

Mteja wetu alikuwa ametaka vijana, na wenye Ndaga Muntu, kitambulisho cha raia wa Uganda, peke yake. Mimi najua Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi katika nchi hii. Ni kazi yangu kuijua. Sikumwambia mteja. Ilikuwa mwisho wa mwezi na sikutaka kumkera. Nilinyamaza, nikaliweka faili chini ya mengine, na usiku ule nikaja ibada ya katikati ya wiki nikaimba pamoja nanyi.

Bwana yule aliwauliza waliobaki kwa nini wamesimama pale mchana kutwa bila kazi. Walimjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Nimesikia mahubiri mengi yanayowafanya watu hawa wavivu, na sikubaliani nayo. Mvivu hasimami sokoni mpaka saa kumi na moja; angekuwa amerudi nyumbani saa sita. Watu hawa walisubiri siku nzima, na bwana alilipokea jibu lao bila kulipinga.

Kisha akawapa dinari nzima, posho ya siku ya kibarua. (Ndugu, kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984 na mpaka leo ndicho kinachosimama kisheria. Hakinunui kilo moja ya nyama. Hilo nalo tuliombee, na wenye nafasi ya kulisemea walisemee.)

Alhamisi nilimpigia yule mzee. Sikuwa na kazi ya kumpa. Simu ilipopokelewa, kabla sijasema neno akauliza, "Nianze lini, mama?" Nilitamani kukata. Nikamweleza ukweli: kwamba faili lake lilikataliwa, kwa sababu gani, na kwamba mimi sikumtetea nilipopaswa kumtetea. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kwa muda; nikasikia watoto na redio nyuma yake. Halafu akasema, "Aksanti kwa kunipigia. Nilikuwa nikiweka simu karibu hata nikioga."

Jumatatu saa tatu asubuhi nina miadi na mteja yule kule Namanve. Nitakwenda mwenyewe, sitatuma orodha. Nitakuwa na barua ya mzee na nakala ya sheria. Huenda akakubali, huenda tukapoteza mkataba. Bosi wangu nimeshamwambia. Mkiwa kazini au njiani saa hiyo, naomba mnikumbuke, na mumkumbuke naye. Ana watoto sita.