Majembe Ulingoni: Usiku wa Ngumi Mwanza

MV Victoria ilipong'oa nanga Bukoba, daraja la tatu lilikuwa limejaa mikungu ya ndizi na watu wanaobishana kuhusu bondia Mandonga. Kanda hii ukisema unakwenda Mwanza kuangalia ngumi, lazima mtu akukumbushe Julai 2023, Karim Mandonga "Mtu Kazi" alipokutana na Moses Golola wa Uganda. Mafundi wawili wa tambo, ulingo mmoja. Januari ya mwaka huo Mandonga alikuwa ametua Nairobi na ngumi aliyoibatiza Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi, na Wakenya waliokuja kumcheka wakaondoka wanalitaja jina hilo wenyewe. Mwanza mambo yakageuka, Golola akashinda.

"Yule kijana alitupa raha, mwanangu," aliniambia mzee mmoja aliyekuwa akipeleka ndizi Kirumba. "Lakini zile raundi za mwisho mwisho niliziangalia kwa huruma."

Maneno hayo nililala nayo. Mimi nimeipenda ngumi tangu enzi za Rashid Matumla, na hakuna kinachonigusa kama namna kila nchi inavyompeleka bondia wake ulingoni. Wajapani wanakaa kimya. Februari 11, 1990, Mike Tyson alipopigwa na Buster Douglas katika raundi ya 10 ndani ya Tokyo Dome, kwenye televisheni ulisikia kila konde linapotua, kwa sababu watu walikuwa wanatazama kama wako darasani. Nenda Uingereza ukutane na kinyume chake: watu 90,000 Wembley, Aprili 2017, Anthony Joshua na Wladimir Klitschko, uwanja mzima unaimba kabla hata kengele haijagongwa. Marehemu Ricky Hatton alipokwenda Las Vegas mwaka 2007 kupigana na Floyd Mayweather, maelfu ya Waingereza walimfuata, wengi wao bila tiketi, wakaimba jina lake mpaka dakika aliyoanguka. Naseem Hamed, kijana wa Sheffield mwenye asili ya Yemen, mwaka 2000 aliingia ukumbini London akiwa juu ya zulia linaloelea hewani. Mexico wana bendi za mariachi. Ghana, pale Bukom, mtaa wa Accra unaosifika kwa mabondia, wana ngoma na nyimbo za kushangilia ziitwazo jama tangu bondia anapotoka nyumbani.

Kwetu je? Swali hilo ndilo lililonipandisha meli.

Asubuhi tuliingia Mwanza, jua linagonga yale mawe ya Bismarck, na kabla ya kutafuta chumba nikapanda daladala ya Kisesa. Nilitaka kufika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Mpenzi wa ngumi anatafuta nini kwenye makumbusho ya ngoma? Anatafuta Wagika na Wagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma, vilivyoachwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, na mashindano yao mpaka leo yanakwenda hivi: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahama kwa miguu yao kwenda upande unaowavutia. Aliyezungukwa na umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo wanakuja na chatu, wanakuja na fisi, wanakuja na dawa, wanakuja na kila mbinu ya kumfanya mtu aache kule aje huku. Nilisimama mbele ya zile ngoma kubwa nikaona kwamba Msukuma hakusubiri promota kutoka Marekani amfundishe kuvuta watu. Ila kwenye ngoma ukivuta umati umeshinda. Kwenye ngumi ukishavuta umati, ndiyo kwanza kazi inaanza.

Upimaji wa uzito ulikuwa mchana wa siku iliyofuata, mjini, chini ya turubai. Mzani wa umeme uliwekwa juu ya kipande cha ubao kwa sababu ardhi ilikuwa na mteremko, na ofisa akawa anasukuma vijiti chini ya ubao mpaka ukatulia. Kijana wa nyumbani, mbeba magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, alizidi gramu chache. Akavua soksi. Bado. Wapambe wakamzungushia khanga, akavua na bukta, na mara hii ukakubali. Mpinzani wake, kijana mwembamba kutoka Kampala, alipanda, akashuka, akamshika mkono, akaenda zake bila neno. Bondia mwingine, ambaye hata hakuwa pambano kuu, alishika maikrofoni karibu nusu saa. Aliahidi raundi ya kwanza, aliahidi machela, akataja ngumi zenye majina ya samaki. Watu walicheka sana, na mimi nilicheka kwa roho safi, kwa sababu kutamba ni sehemu ya mchezo huu na anayekuambia vingine haujui.

Usiku, ukumbi wa ufukweni ulikuwa umejaa kabla ya saa tatu. Mapambano ya utangulizi nayapita. Yule mwenye maikrofoni akaingia kwa singeli, miwani ya jua, moshi, vijana kumi mbele yake. Ilikuwa nzuri kuangalia. Kisha kengele ikagongwa, na ndani ya dakika mbili akawa amekaa chini, anashika kamba, pumzi hakuna. Chupa za maji zikaanza kurushwa ulingoni. Sikupenda zile chupa hata kidogo, ila hasira niliielewa: watu walitoa pesa ya daladala na ya tiketi. Na zaidi ya pesa, mtu asiyefanya mazoezi akipandishwa ulingoni kwa sababu mdomo wake unauza, anayelipa ni kichwa chake. Hapo nawalaumu wanaopanga mapambano kuliko ninavyomlaumu yeye.

Halafu ikaja ile niliyoivukia ziwa.

Taa zilizimwa, na badala ya spika tukasikia ngoma za ngozi. Wanaume wanane wakatoka gizani wamebeba majembe, wanayarusha juu na kuyadaka kwa mdundo wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, na nyuma yao mbeba magunia wa Mwaloni, kichwa kimeinama, taulo shingoni. Upande wa kushoto akina mama wa dagaa, wote sare ya kitenge kimoja, wakainuka wakigonga mifuniko ya sufuria. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na mfuniko wenye kovu la kutoboka katikati, akaugonga mpaka mpini ukang'oka, akaendelea kuugonga bila mpini. Nimeona kwenye televisheni fataki za Las Vegas, na nasema bila kusita kwamba sijaona mtu akiingizwa ulingoni kwa heshima kama ile. Labda Kinshasa, Oktoba 30, 1974, umati ulipokuwa ukimwimbia Muhammad Ali "Ali boma ye", yaani "Ali, muue", alfajiri ile. Ali alikuwa ameshazunguka na watu kwa wiki nyingi, wakati mpinzani wake George Foreman alishuka na mbwa aina ile ile waliyoitumia polisi wa kikoloni wa Kibelgiji. Umati hausahau umeingia vipi kwake.

Raundi nane. Kijana wetu alizibeba tatu za mwanzo kwa makonde ya mwili, kisha yule wa Kampala akaanza kurudi nyuma kwa akili, jab, hatua, jab, na jicho la kushoto la mwenyeji likavimba. Raundi ya saba akina mama waliacha kugonga, wakawa wanamwelekeza: "Shusha chini, mwanangu! Chini!" Akashusha, akampata, mgeni akayumba lakini akasimama. Majaji wakampa mgeni kwa pointi. Nami alama zangu za kichwani zilisema hivyo hivyo.

Hakuna chupa iliyorushwa. Mama wa mfuniko alishuka hadi kwenye kona ya wageni, akampa yule kijana wa Kampala maji, kisha akamgeukia kocha wake kama anayepatana bei ya gunia.

"Mtamrudisha lini?"

"Tukielewana na promota, mama, hata mwezi ujao."

"Sawa, ila msiweke siku za giza, zisizo na mwezi. Giza likiingia vijana wetu wote wako ziwani na taa zao, wanavua dagaa. Wekeni mbalamwezi, kama leo. Tutajaa kuliko hivi."

Kocha akatoa simu, akafungua kalenda, na wote wawili wakaanza kuhesabu siku.