Magemu ya katuni, na ile raha ya kuujua mtaa wa akina Bart

Jumamosi iliyopita dada alimleta mpwa wangu ashinde kwangu, ana miaka 8, na hata viatu hajavua kashaanza, "shikamoo mjomba, ile gemu ya SpongeBob bado ipo?" Ipo, ile ya katuni ya sponji anayeishi chini ya bahari. Nikamwashia laptopu, mi nikaenda jikoni kuinjika chai, kurudi namkuta hapigi maroboti wala hakusanyi chochote, kasimama tu barabarani anageuza kamera taratibu. Nikamuuliza vipi mama umekwama? Akanambia hapana mjomba, nilikuwa naangalia, kumbe ukitoka kwa SpongeBob unaweza kwenda mpaka kwa rafiki yake Sandy kwa miguu.

Yaani alivosema "kwa miguu" nikaweka kikombe chini. Kwa sababu mimi nilishawahi kuushangaa mshangao huohuo, miaka mingi nyuma, Tandika, na sikuwahi kupata mtu wa kumweleza akanielewa.

Katuni ya kwenye TV haikupi njia. Chukua The Simpsons, katuni ya Marekani ya baba Homer, mkewe Marge na watoto wao akina Bart na Lisa. Inakupa sebule yao, inakata, inakupa shule, inakata, inakupa duka la Apu. Ni kama mgeni anayepelekwa kila sehemu amefungwa kitambaa machoni, anafunguliwa akishafika. Utamjua Homer miaka kumi lakini ukiulizwa kutoka kwake mpaka kazini anapita wapi hujui, na wala sio kosa lako, The Simpsons ina kipindi chake chenyewe tangu 1989 na mji wa Springfield umekuwa ukipangwa upya kila hadithi inavotaka, leo jengo liko hapa kesho liko kule. Sasa gemu haiwezi kufanya hivo. Gemu ya kuzurura lazima iamue. Lazima mtu akae chini aseme shule iko hapa, barabara inapinda hivi, ukipanda hiki kilima unatokea kwa tajiri Burns. Na wakishaamua, mtaa unakuwa mtaa kweli.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa The Simpsons: Hit & Run. Mjomba wangu alikuwa na stesheneri ndogo, kuchapa barua, fotokopi, picha za paspoti, na kompyuta moja yenye monita ya chogo ambayo mchana ilikuwa marufuku kuigusa. Usiku akishafunga mahesabu ananiachia. Kuna mteja alileta CD sijui kwa kazi gani akaisahau, ndani yake mna hiyo gemu. Nikashusha grafiki mpaka mwisho ndo ikaacha kukwama.

Niseme kidogo kwa ambao hawaijui. Ilitoka 2003, ikatengenezwa na Radical Entertainment wa Vancouver, Kanada, na sauti ni za waigizaji walewale wa kwenye TV kwahiyo Homer akiongea ni Homer. Ina levo 7. Unaanza na Homer, unakuja Bart, Lisa, Marge, Apu, af unarudi kwa Bart na unamalizia na Homer tena. Kuna gari, kuna misheni, ukigonga gonga sana watu na vitu kuna mita inajaa, ikijaa polisi wanakuja na wakikudaka wanakukata sarafu 50. Hiyo ndo sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka, kugonga na kukimbia. Mi naikumbuka kwa vitu vingine kabisa.

Naikumbuka kwa kutembea. Kila levo ina kadi 7 zimefichwa, jumla 49, na haziko barabarani, ziko juu ya mapaa, nyuma ya majengo, kwenye vipembe ambavyo ukiwa na haraka hutovijua maisha yako yote. Af kuna zile kamera zenye umbo la nyigu zinazoelea hewani, inabidi uzisikilize zinavovuma ndo ujue iko upande gani. Kwahiyo nikawa nashuka kwenye gari. Naacha misheni, napita uchochoro, naruka ukuta, najaribu kupanda. Ukweli ni kwamba ramani zenyewe ziko tatu tu, ya kwanza inarudi levo ya 4 na ya 7, ya pili inarudi levo ya 5, ya tatu inarudi ya 6, na wapo wanaoilaumu kwa hilo wakisema wamebania. Mi silaumu. Ile kurudi ndo ilinifanya niujue mtaa. Levo ya 7 inakuja na giza la Halloween na mazombi barabarani, nyumba ni zilezile ulizozizoea mchana, ikaniogopesha kuliko ingekuwa mji mgeni, kwa sababu unajua kabisa hapa pana kona na unajua nyuma ya kona kuna nini kwa kawaida.

Na levo ya 3! Bart kapotea, Lisa anaingia barabarani kumtafuta kaka yake. Anauliza kwa huyu, anapelekwa kwa yule, mpaka bandarini. Dada yangu (mama wa huyu mpwa wangu) alikuwa anakaa pembeni yangu pale stesheneri akisubiri turudi nyumbani wote, hachezi, anaangalia tu, lakini levo ya Lisa aliniambia nipishe kiti. Akaicheza yeye, kiingereza kilikuwa hakijatukaa wote wawili, tukawa tunafuata mishale na kubahatisha, ila kumtafuta kaka yako mtaa kwa mtaa hakuhitaji kutafsiriwa.

Mnaweza kuniuliza kwanini sikucheza kwenye banda la gemu kama wenzangu. Mabanda yalikuwepo tele Tandika, PS2 tatu nne zimepangwa, benchi, watoto kibao wamesimama nyuma yako. Nilikuwa naenda. Lakini banda unalipia muda, na ukilipia muda unacheza Winning Eleven, ile ya mpira, mechi inaisha, mshindi anabaki na pedi, aliyefungwa anapisha. Gemu ya kuzurura kwenye banda ni mateso. Unahesabiwa dakika wewe unapanda paa kutafuta kadi, wenzio wanakuzomea "dogo unafanya nini sasa". Na ukiseivu, kesho ukirudi kuna mtu kashafuta kwenye memori kadi kaweka ligi yake. Ndo maana watoto wengi wa kitaa wa rika langu wanajua mpira na ngumi kwenye gemu na hawajawahi kuonja haya mengine, sio kwamba hawakuyapenda, ni kwamba kuzurura kunataka muda ambao haulipiwi. Mi niliupata kwa sababu ya mjomba na ile kompyuta yake, Mungu amlipe.

Baadae nikiwa chuo ndo nikagundua kwamba kabla ya Hit & Run kulikuwa na nyingine ambayo ni kuzurura tupu. The Simpsons: Virtual Springfield, 1997, ya CD kwa ajili ya kompyuta, ikatolewa na Fox Interactive. Unaona kwa macho ya mtu mwenyewe, unatembea mjini, unaingia majengoni, unabonyeza vitu uone vinafanya nini, na kuna kadi za kutafuta. Hamna gari la kukimbiza wala adui wa kuua. Niliitazama mtu akiicheza kwenye video, picha zake za kizamani kweli, lakini nilielewa kabisa walichotaka. Waliotengeneza walijua kuna watu wanataka kuingia mle ndani tu. Sio kushinda. Kuingia, na kukaa.

Turudi kwa SpongeBob. Ile anayocheza mpwa wangu ni Battle for Bikini Bottom, ya kwanza ilitoka 2003 ikatengenezwa na Heavy Iron Studios kwa ajili ya PS2, Xbox na GameCube. Kipindi kile toleo la kompyuta lilikuwa na jina hilohilo ila ni gemu tofauti kabisa, sio ya kutembea huru, kwahiyo sisi wa kompyuta tukaikosa ile yenyewe mpaka 2020 ilipotoka Rehydrated, iliyotengenezwa upya na Purple Lamp, na hiyo ikaja na kwenye kompyuta. Miaka 17! Nilivoiona sikujiuliza mara mbili.

Hadithi ni kwamba Plankton, yule adui mdogo wa kwenye katuni, katengeneza mashine ya kuzalisha maroboti akasahau kuiweka upande wa utii, maroboti yakamgeuka yakavamia mji. Unakusanya spatula za dhahabu, ziko 100, na kila geti linataka idadi yake. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mji wenyewe ndo uwanja wa kati, kila safari unarudi pale kwenye nanasi analoishi SpongeBob, kwenye kichwa cha jiwe cha jirani yake Squidward, kwenye jiwe la rafiki yake Patrick, unapita mbele ya mkahawa wa Bwana Krabs, af ndo unaenda mbali, kwenye mashamba ya jelifishi, kwenye msitu wa kelpu (mwani mkubwa wa baharini), mpaka ndani ya ndoto ya SpongeBob. Na ukitaka kubadilisha mhusika, kutoka SpongeBob kuwa Patrick, unaenda kituo cha basi. Mpwa wangu akifika pale huwa anaita "Tandika Kariakoo!" kila mara, hachoki. Af kuna soksi za Patrick, 80, zimetawanywa dunia nzima, ukimpelekea 10 anakupa spatula moja. Soksi ndo zinamfundisha mtoto kuangalia nyuma ya kila kitu.

Aliyeanzisha katuni hiyo, Stephen Hillenburg, alikuwa mwalimu wa mambo ya bahari kabla ya yote, na kwenye gemu ndo unaliona hilo vizuri, maana kwenye TV macho yako yako kwa SpongeBob ila ukiwa huru kugeuza kamera unaanza kuona chini ya bahari yenyewe.

Sasa wazazi mnisikilize hapa, maana huku kwetu tukishaona ni katuni tunasema ya watoto hiyo tunamwachia. South Park: The Stick of Truth, ya Obsidian, 2014, ni gemu nzuri mno ya kuzurura mji, wewe ni mtoto mgeni kahamia unagonga mlango nyumba kwa nyumba unatafuta marafiki, na waliotengeneza katuni, Trey Parker na Matt Stone, wenyewe waliiandika, na ilibidi kwa mara ya kwanza mji uchorewe ramani maana haukuwa nayo. Mi kama mtu mzima nimeipenda sana. Lakini matusi yake na picha zake ni za watu wazima kabisa, mtoto asiiguse. Angalieni umri ulioandikwa kwenye kava, msiangalie mchoro.

Dragon Ball Z: Kakarot ya 2020 nayo wengi mnaijua. Kuruka angani na Goku, shujaa wa hiyo katuni ya Kijapani, ni raha, kuvua samaki kwa mkia wa bandia, kupikiwa na mkewe chakula kikakuongeza nguvu, ile siku ya kawaida ya nyumbani kabla ya vita wameipatia. Tatizo langu nayo ni moja, dunia wameikata vipande, ukitaka kwenda eneo lingine unatoka nje mpaka kwenye ramani kubwa unachagua. Njia imekatika. Inanirudisha kuwa yule mgeni wa kitambaa machoni.

Na kuna gemu moja naitamani sijawahi kuiona. Akili and Me. Mnamjua Akili, hata kama huna mtoto umeshamsikia kwa jirani, katuni ya Ubongo hapahapa Dar, binti wa miaka minne anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro na familia yake, usiku akilala anaingia nchi ya Lala kwa rafiki zake wanyama. Hebu fikiria. Mchana unatembea kijijini, unapajua kwao, unajua migomba iko wapi. Usiku unalala na ndani ya Lala unakuta njia zilezile zimegeuka. Na wahusika wanakuongelesha kiswahili, mtoto hafuati mishale kwa kubahatisha kama tulivofanya mimi na dada yangu. Vijana wa kutengeneza magemu tunao, nawaona mitandaoni wakionyesha kazi zao, na nawaomba kabisa kwa moyo wote, kama kuna anayesoma hapa na ana uwezo wa kuongea na wenye katuni, aende. Msianze na mashindano ya kuhesabu namba na kubonyeza jibu sahihi, hayo yapo. Tengenezeni mahali. Mtoto wa Mbagala ajue kutoka kwa Akili mpaka mtoni unapitia wapi.

Mpwa wangu nilimweleza hilo wazo tukiwa tunakunywa chai. Akafikiria, akaniuliza, sasa mjomba mlango wa kuingia Lala utakuwa wapi, kitandani? Nikamwambia nadhani kitandani. Akasema basi lazima kuwe na kitanda kwenye kila nyumba hata ya majirani, ili ukiwa mbali usirudi mpaka kwao. Sikuwa nimeliwaza hilo.

Af akarudi kwenye laptopu. Ili uingie kwenye maabara ya Plankton unatakiwa uwe na spatula 75, na sisi mpaka jioni dada alivokuja kumchukua tulikuwa na 64. Soksi tano hatujui ziko wapi, anadhani ziko Rock Bottom, mi nadhani tumeziruka kule kwenye mlima wa mchanga. Anakuja tena kesho.