Nilivyotengeneza Shimoni ya wapagazi kwa mifupa ya vibua na mbegu za ubuyu

Watu kadhaa wameniuliza lile sanduku langu la mifupa, yaani soko dogo la Kariakoo la kuigiza lenye msafara wa mifupa ya wapagazi (wabeba mizigo wa vita) chini yake, nimelitengenezaje na kwa nini nimechagua kitu cha kutisha vile, ntajibu yote kwa pamoja mana ukitenganisha haieleweki.

Kariakoo tunaenda kununua vitu kila leo, ila pale ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza walipoiteka Dar kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na jina la mtaa limebaki la kikosi chao, Carrier Corps. Walibeba mizigo ya kilo 25 hivi kichwani, porini, wiki kwa wiki, na makadirio mengi yanataja vifo karibu 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao wala sio risasi, ni kuhara damu, malaria na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wabebaji wao na hawakuweka hata kumbukumbu za maana za waliokufa. Sasa nenda kauangalie ule mnara wa Askari pale Samora, wa mwaka 1927, maandishi yanasema wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyewekwa juu ni askari na bunduki yake peke yake. Nairobi angalau mpagazi ana sanamu yake pembeni ya sanamu za askari. Hilo liliniuma kweli na ndo likanisukuma.

Wazo lenyewe soko la Kariakoo ndo lilinipa. Lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975 lina mapaa kama miavuli juu, alafu chini lina ile sehemu tunaiita Shimoni. Nikasema basi, juu ntaweka soko la leo na watu wake, mikokoteni, wabeba mizigo, nyanya, na chini Shimoni ntaweka msafara wa mifupa imebeba mizigo, inatembea upande uleule wanaotembea walio juu, na walio juu hawana habari.

Udogo niliuchagua kwa makusudi. Kuna mama mmoja wa Marekani, Frances Glessner Lee, miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vyenye maiti ndani kwa skeli ya 1:12, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 12, kwa ajili ya kuwafundisha polisi kuchunguza vifo, na vingi viko Baltimore mpaka leo. Kilichonikamata kwake ni kwamba kitu kidogo mtu hawezi kukipita, lazima ainame, asogee, anyamaze. Sanamu kubwa unaipita na daladala. Mimi nikatumia 1:24, mtu mzima anakuwa kama sentimita 7, sanduku likaenea kwenye meza ya kawaida.

Mifupa sasa. Uti wa mgongo na mbavu ni za vibua, mana mfupa wa kibua ukiutoa vizuri unakuja na vimiba vyake pembeni, ukivikunja kidogo kwa mbele tayari una mbavu. Niliomba kwa mama ntilie wa mtaani, akawa ananiwekea. Usiichemshe sana, mafuta yanaingia ndani ya mfupa, iloweke tu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, badilisha maji kila siku mpaka yasiwe na utelezi, vinginevyo sisimizi watakuhamia na harufu haitoki. Kung'arisha tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda inayouzwa duka la dawa, loweka usiku kucha na chombo usikifunge. Jiki hapana kabisa, jiki inaula mfupa na baadae unakuwa unga mkononi. Ikikauka kivulini unapaka gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji.

Fuvu ni mbegu ya ubuyu. Ile mbegu ina kibonde upande mmoja, ukiisimamisha kibonde kinakaa pale taya linapoanzia, macho unatoboa kwa drili ndogo ya mkono taratibu, alafu unapaka rangi ya emulsheni nyeupe iliyochanganywa na chai ya rangi kidogo, nyeupe tupu inaonekana plastiki. Mikono na miguu ni baindingi waya iliyozungushiwa uzi na gundi. Mizigo nimeshona kwa bandeji iliyochovywa kwenye chai na kujaza mchanga, usijaze mchele wala unga, panya hao. Na shingoni kila mmoja nimemning'inizia kibati kidogo cha kopo la soda, mana wapagazi walipewa vibati vya namba ndo vikawa utambulisho wao.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni vioo. Nilitaka msafara usiwe na mwisho. Kioo cha kujitazamia ukikiweka mbele ya msafara, wale wa kwenye kioo wanageuka wanakuja kukutana na wako, maana yote inapotea. Kiweke ubavuni, sambamba na mstari, hapo wa kwenye kioo wanatembea upande uleule na wako. Kwaiyo niliweka viwili vinavyotazamana, kimoja ubavu wa mbali wa mstari na kimoja ubavu wa upande wa mtazamaji, na hiki cha upande wa mtazamaji fundi vioo alinikwangulia rangi ya mgongoni duara dogo la kuchungulia. Ukiweka jicho pale unaona safu nyuma ya safu nyuma ya safu, zinazidi kuwa giza mpaka huwezi kuhesabu, na katikati yao unaliona jicho lako mwenyewe linawaangalia. Taa ni mkanda wa LED wa volti 12, rangi ya njano, nimeuficha juu ya dari ya Shimoni na kuufunika karatasi inayopitisha mwanga ili vijitaa visionekane kimoja kimoja. Pembeni nimetupia vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vinavyonyonya unyevu, kwa joto la Dar bila hivyo gundi inaota ukungu.

Kitu ambacho mafundi hawatakwambia ni majirani. Mifupa imeanikwa uani, mafuvu mezani, watu watasema ushirikina na siwalaumu. Mimi kabla sijaanika chochote nilienda kwa mama mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamweleza ni mifupa ya samaki na nataka kufanya nini. Akakaa kimya alafu akasema, "Mwanangu, kwetu Ugogo wazee waliiita Mtunya, ile njaa. Wanaume walibebeshwa mizigo, ng'ombe wakachukuliwa, waliobaki wakafa njaa." Ni kweli, Mtunya ilikuwa 1917 hadi 1920, jeshi la Wajerumani na la Waingereza yote yalikomba watu na chakula kule. Baada ya hapo yeye mwenyewe ndo alikuwa anawajibu majirani, na ndiye aliyeniambia niwavike kaniki kiunoni, "usiwaache uchi, hao ni baba zetu." Nikawavika wote, kaniki nilipata kipande Kariakoo hukohuko, nikakichana nyuzi pembezoni ili kionekane kimechakaa.

Namba za kwenye vibati bado sijaziandika. Nafikiria badala ya namba niweke majina, mama mwenye nyumba kashanipa la babu yake, na mwenye jina la mzee wake aliyechukuliwa kipindi kile aniletee, nafasi bado zipo.