Kalkuleta Iliyodai Sahihi

Kalkuleta yenyewe aliiacha mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, mkataba wake ulipoisha katika sekondari moja karibu na kwetu Luanda, magharibi mwa Kenya. Alitaka iwabakie wanafunzi, lakini wangeifanyia nini? Mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, unaruhusu kalkuleta zisizopokea programu tu, na ile ilikuwa kompyuta kamili iliyojificha nyuma ya vitufe. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000, ukoo mmoja na ile iliyoendesha Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984. Ikaishia mikononi mwangu, kwa kuwa pale mtaani ni mimi niliyekuwa nasomea kompyuta chuoni.

Mjomba alikuwa mpima ardhi. Au tuseme alifanya kazi ya mpima ardhi, maana leseni hakuwa nayo. Alibeba thiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, vilima vyote vya Bunyore na Maragoli, akasimama juani kati ya ndugu wawili wanaorushiana maneno juu ya ua, akapima pembe, na usiku akakaa mezani na karatasi zake. Ramani ikiisha, ilipelekwa Kisumu kwa mzee mmoja mwenye leseni, aipitie na kutia sahihi. Bila sahihi ile haikuwa ramani, ilikuwa mchoro.

Hesabu zake nilizijua tangu utotoni kwa kumsomea namba. Shamba lenye kona saba, pembe zake za ndani lazima zijumlike digrii 900. Hazijumliki. Kuna sekunde, vile vipande vidogo vya digrii, zimepotea mahali, basi unazigawa. Kisha unatembea kwenye karatasi kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, hadi bikoni, na ukirudi ulikoanzia unajikuta umekosea shabaha kwa sentimita kadhaa. Kosa hilo nalo unaligawia kila upande kulingana na urefu wake, kanuni ya Nathaniel Bowditch, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya baharini. Jioni nzima inakwisha hapo. Ukikosea namba moja saa mbili, utaigundua saa nne, chai imepoa.

Likizo ya Agosti 2006 nilimwandikia programu ya kazi hiyo. Unaingiza pembe na urefu, unabonyeza, jibu hili hapa. Mjomba alilinganisha na karatasi zake za zamani, shamba baada ya shamba, kama mtu anayetafuta kosa kwa hamu. Hakulipata. Tatizo lilikuwa moja: programu ilifanya kazi kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na siku kalkuleta ilipoganda katikati ya shamba la watu, vipimo vya asubuhi nzima vilifutika. Alirudi kuvipima upya bila kunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi.

Dawa niliijua. Mashine ile ilikubali aina ya pili ya programu, inayokaa kwenye kumbukumbu ya kudumu pamoja na programu za kiwandani. Nikaijenga upya kwa umbo hilo, nikaiingiza kwa waya. Ikakataa. Sahihi si halali, ikasema.

Kesho yake nikapanda matatu kwenda Kisumu, nikaingia saiba moja Oginga Odinga Street, shilingi moja kwa dakika. Enzi hizo intaneti yetu ilitoka kwa setilaiti, ukurasa ulishuka kama mtu anayeteremka ngazi na gunia mgongoni. Nilisoma nusu saa kabla ya kuelewa. Mwenye kiwanda ana ufunguo wa siri, namba ya kutilia sahihi, na kila kalkuleta inazaliwa na ufunguo wa wazi unaokwenda nao, wa kuikagua sahihi hiyo. Programu ya aina ile ya pili isiyopigwa muhuri kwa ule wa siri haiingii, hata kama imeandikwa na mwenye kalkuleta mwenyewe. Ukitaka kupigiwa muhuri, unawatumia kazi yako na unalipa. Kwa dola. Kwa kadi.

Nilikuwa na kadi moja, ya kutolea pesa kwenye mashine ya benki, na ndani mlikuwa na shilingi mia nane. M-Pesa ilikuwa haijazaliwa. Nilikaa nikitazama ile fomu mpaka kijana wa saiba akaniuliza kama naongeza dakika.

Usiku nilimweleza mjomba kwa hasira. Nilitarajia na yeye akasirike. Akanyamaza, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

“Kazi umeifanya wewe?”

“Yote, mjomba.”

“Na wao watatia sahihi tu?”

“Sahihi tu.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Sasa umekuwa mpima, mpwa wangu. Kaa chini, niongezee chai.”

Kisha akauliza kama hawawezi kutumiwa money order kwa posta. Hakuwa anatania. Alishatoa noti mbili za mia tano.

Sababu za kampuni nazielewa kiasi. Nchi nyingine kalkuleta hizo huingia kwenye chumba cha mtihani, na msimamizi anataka kujua kilichomo. Ila shamba la Bunyore si chumba cha mtihani.

Ufunguo wenyewe wa wazi ulikuwa namba ya biti 512, yaani tarakimu zaidi ya 150, zao la namba tasa mbili. Ukizijua hizo mbili, unajipigia muhuri mwenyewe. Namba ya ukubwa huo ilikuwa imeshagawanywa mpaka zikapatikana hizo mbili mwaka 1999, kwa mamia ya kompyuta. Mwaka 2009 mpenzi mmoja wa kalkuleta alifaulu kugawanya ufunguo wa modeli ndugu ya yangu kwa kompyuta moja ya nyumbani, kwa siku 73. Wengine wakagawana kazi ya funguo zilizobaki, pamoja na wa modeli yangu. Wanasheria wa kampuni wakatuma barua za vitisho, na Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za kidijitali, ikasimama na waliotishwa.

Krismasi ya mwaka huo nilifika nyumbani na programu ileile ya 2006, sikubadilisha hata mstari. Nikaipiga muhuri, nikaiingiza kwa waya, ikakaa. Mjomba aliitoa betri moja baada ya nyingine, akazirudisha, akawasha. Programu ilikuwepo. Akainua macho juu ya miwani.

“Walikubali kutia sahihi?”

“Nimetia mimi.”

“Wewe,” akasema, “una leseni?”