Kabla ya kumkataza chakula mwenye ugonjwa sugu wa tumbo

Mtu akisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu, kila anayekutana naye humtajia chakula kimoja cha kuacha. Huyu anamwambia aache maziwa, yule ngano, mwingine maharage, mayai au nyama. Mwisho anabaki na wali mkavu na chai, tumbo bado linamsumbua na nguo zinampwaya. Sasa ana magonjwa mawili: lile la mwanzo, na utapiamlo juu yake. Na utapiamlo nao unaliumiza tumbo, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba hujijenga upya kila baada ya siku 3 hadi 5, na pasipo protini na nishati ya kutosha kazi hiyo inalegalega. Msimamo wangu ni kwamba mgonjwa alishwe kwanza, ndipo chakula kipunguzwe, na karibu kila kinachopunguzwa kiwe na siku yake ya kurudishwa.

Pa kuanzia ni mizani. Mgonjwa ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya miezi 3 hadi 6 bila kukusudia, hiyo ni asilimia 5, amwone mtaalamu wa lishe. Akipungua kilo 6, asisubiri. Atazame na miguu: akibonyeza kwa kidole juu ya kifundo na kishimo kikabaki, kuna maji yamejaa, na maji hayo yanaficha uzito uliopotea. Damu kwenye choo, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, upungufu wa damu, au shida iliyoanza baada ya miaka 50 ni mambo ya daktari kwanza, mlo utafuata.

Ngano ndiyo inayoharakishwa kuliko vyote. Mtu anaiacha, anapata nafuu, halafu ndipo anakwenda kupima siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza unapopambana na gluteni. Gluteni ikikosekana kwa muda, kingamwili hushuka na majibu yanaweza kutoka safi hali ugonjwa upo. Anayetaka kupimwa anapaswa kuwa anakula gluteni kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo. Tunasisitiza hili kwa sababu maisha ya mbele yanategemea jibu hilo: mwenye siliaki ataacha ngano, shayiri na rai daima, hata makombo yaliyobaki kwenye ubao wa kukatia mkate. Asiye na siliaki, anayepata gesi tu akila ngano, huenda akala kipande cha mkate bila madhara yoyote.

Huyo wa pili mara nyingi ana IBS, yaani maumivu, gesi, kuharisha au kufunga choo bila kidonda kuonekana. Anaweza kusaidiwa na mlo wa FODMAP, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Australia waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Unapunguza sukari fupi ambazo utumbo haufyonzi vizuri na bakteria huzichachusha: fruktani za ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu, galaktani za maharage na dengu, laktosi ya maziwa, fruktosi iliyozidi katika asali, tufaha na embe, na sobitoli ya pipi zisizo na sukari. Kuzipunguza ni wiki 2 hadi 6 tu. Kama hakuna nafuu baada ya wiki 6, njia hiyo si yake, arudi kwenye mlo wake. Kama nafuu ipo, anaanza kurudisha kundi moja moja. Mathalani laktosi: siku ya kwanza robo kikombe cha maziwa, siku ya pili nusu, siku ya tatu kikombe kizima, vyakula vingine vikibaki vilevile. Kisha anapumzika siku chache kabla ya kundi linalofuata. Wengi wasiomudu laktosi hugundua kwamba kikombe kimoja cha mililita 250, chenye laktosi kama gramu 12, hakiwasumbui kikinywewa pamoja na chakula. Jibini gumu lina laktosi kidogo mno. Na ladha ya vitunguu haina haja ya kupotea: fruktani huyeyuka kwenye maji lakini haziyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo kaanga vipande vikubwa vya kitunguu, vitoe vyote, upikie mafuta hayo. Kuvichemsha kwenye mchuzi na kuvitoa baadaye hakusaidii, fruktani zimeshaingia kwenye mchuzi.

Hatua ya kurudisha ndiyo inayorukwa, na inaniuma, kwa sababu mtu anaishi miaka na mlo wa majaribio ambao haukukusudiwa kuwa wa kudumu.

Wakati hayo yanaendelea, nishati iongezwe bila kuongeza ukubwa wa sahani. Tumbo linalojaa haraka linataka milo midogo 5 au 6. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina kilokalori kama 120, na kikichanganywa kwenye uji au viazi vya kuponda hakionekani. Vijiko 4 vikubwa vya maziwa ya unga ndani ya nusu lita ya maziwa vinaongeza protini na nishati, kwa anayemudu laktosi. Mwenye ugonjwa wa kuvimba na kuwaka kwa utumbo, kama wa Crohn, anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 72 hadi 90 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina gramu 6 tu, piga hesabu uone wali mkavu unavyomwacha nyuma. Mwenye Crohn ambaye utumbo wake umesinyaa mahali fulani amenye maganda, atoe mbegu na apike mboga mpaka zilainike, maana nyuzi ngumu zinaweza kuziba.

Kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, likichoka, choo kinakuwa cheupe, cha mafuta, kinaelea na kunuka vibaya. Wengi hukimbilia kukata mafuta, wakakonda zaidi. Dawa ni vimeng'enya vya kongosho, na vinaharibika kwa kumezwa vibaya: vinywewe na chakula chenyewe, sehemu mwanzoni na sehemu katikati ya mlo, kwa maji baridi, kamwe si kwa kinywaji cha moto, na vidonge visitafunwe. Kidonge ukikimeza nusu saa kabla, kitapita peke yake bila kukutana na chakula.

Sasa maji, ambayo huwachanganya hata wauguzi. Mtu aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, au mwenye tundu la utumbo tumboni linalotoa lita nyingi, huambiwa anywe maji mengi, na akinywa, tundu linatoa zaidi. Sababu ni kwamba sehemu ya juu ya utumbo mwembamba inavuja: maji yasiyo na chumvi yakifika pale, sodiamu hutoka mwilini kuyafuata, na maji hufuata sodiamu. Soda na juisi nazo huvuta maji kwa sukari yake. Kinachofyonzwa ni sodiamu ikiwa pamoja na glukosi, kwa kuwa hubebwa na mlango mmoja. Mchanganyiko unaotumika kwa wagonjwa hawa ni glukosi gramu 20, chumvi gramu 3.5 na baikaboneti ya sodiamu gramu 2.5 katika lita moja ya maji. Pima kwa mizani ya jikoni, usikisie kwa kijiko, weka kwenye friji, nywa kidogo kidogo kutwa nzima, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kuharisha, ya Shirika la Afya Duniani ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita, wakati hawa wanahitaji kama 90. Vinywaji vingine vyote vinabanwa, mara nyingi visizidi lita moja kwa siku. Yote haya yafanyike chini ya daktari, hasa kwa mwenye shida ya moyo au figo.

Aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba apimwe vitamini B12 kila mwaka, maana hapo ndipo inapofyonzwa, na upungufu huweza kuchukua miaka kujitokeza. Ikipungua, hupewa kwa sindano.

Kinywa kisipotosha, kuna mrija wa puani, na utumbo ukishindwa kabisa, lishe ya mshipani. Hatari kubwa ni haraka ya kumnenepesha. Aliyekula kidogo sana au kukosa kabisa kwa zaidi ya siku 5 aanzishiwe nusu ya mahitaji yake kwa siku 2 za kwanza. Aliyedhoofika sana huanzishiwa kilokalori 10 tu kwa kila kilo kwa siku, au pungufu ya hapo. Chakula kikiingia kwa kishindo, insulini inapanda na kuisukuma fosfati, potasiamu na magnesi ndani ya seli, damu inapungukiwa na madini hayo, na moyo unaweza kusimama. Thiamini, yaani vitamini B1, itangulie kabla ya mlo wa kwanza, na madini hayo matatu yapimwe kila siku mpaka yatulie.